Dohani ya Fundi Cherehani

Upepo ulipoibwaga uani kofia ya matofali ya dohani, bomba la moshi la tanuri lake, Mama Mikate alitoka na unga mikononi, akatazama, akasonya, akarudi kukanda. Donge lilikuwa limeshaumuka na wateja walikuwa njiani. Matofali yaliyoanguka hayakuwa na haraka ya kwenda popote.

Mwanawe mkubwa ndiye aliyekuja juu. Alimkuta mama yake ndani ya moshi, anakohoa huku anatoa mikate tanurini. Akazunguka nyumba mikono nyuma, akaufuata ufa wa dohani kutoka paani hadi kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

"Mama, hii itakuangukia usingizini. Vunja, ziba tundu, uje ukae kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo."

"Utazibwa ufa tu," alisema. "Baba yako aliijenga kwa mikono yake. Mtu asiguse tofali lake."

Neno hilo alikuwa akilisema tangu amzike mumewe, na kila mtu alilijua. Lakini lililomkaa rohoni ni jingine. Bila dohani hakuna tanuri, na bila tanuri hana tena sababu ya kukikataa chumba cha mwanawe. Alikiogopa chumba kile kuliko ufa. Alijiona humo, bibi wa kukaa kwenye kochi, anauliza sukari inawekwa wapi, anaambiwa, "Tulia, mama, tutakuletea." Yeye aliyelisha mtaa mzima!

Akamwita fundi mwashi. Walimwita Timazi, kwa sababu hakuamini ukuta wowote kabla hajauning'inizia uzi wake wenye kipande cha chuma. Timazi hakuuliza mengi. Aligonga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akaanza kubandua plasta, kipande baada ya kipande, mpaka dohani ikabaki matofali matupu. Hapo akarudi nyuma na kujikuna kisogo.

"Mama, hii alijenga nani?"

"Marehemu mume wangu."

"Alikuwa fundi?"

"Fundi hasa. Fundi cherehani."

Timazi aling'ata mdomo ili asicheke mbele ya mjane. "Njoo uone. Tofali hulazwa juu ya kiungo cha yale ya chini, ndipo yashikane. Haya viungo vyake vyote vimekutana, mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Ufa haukuhangaika, mama. Umejengewa barabara ya lami."

Mama Mikate alitazama mstari ule ulionyooka, na ghafla akamwona mume wake na pini mdomoni, akifumua shati zima kwa sababu mistari ya ubavuni haikukutana. Mshono lazima ukutane na mwenzake! Ndivyo alivyomkalia kooni kila mwanafunzi wake wa ushonaji. Masikini wa Mungu, matofali nayo akayashona. Mama Mikate alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka kilio, naye hakukizuia.

"Kuziba je?" aliuliza alipopata sauti.

"Nikiziba nitakuwa nimempaka mgonjwa poda."

Mwanawe, aliyekuja kusikia neno la fundi, akasogea, akamshika bega. Alisema kwa upole, na alimaanisha, na huo upole ndio uliokuwa mbaya kuliko kelele zake zote. "Basi, mama. Kuziba haiwezekani. Kuvunja na kujenga upya, mwenyewe umesema mtu asiguse tofali la baba. Umejitahidi vya kutosha. Twende nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Mama..."

"Ngoja nimalize." Aliutoa ule mkono begani, taratibu, bila kuutupa. "Baba yako nilimpenda, na bado nampenda, na mishono yake yote. Lakini niliolewa naye yeye. Sikuolewa na dohani yake."

Akajifunga khanga kiunoni, akaiendea ngazi ya Timazi. Wanaume wawili walipiga kelele kwa pamoja, huyu "Mama, shuka!" na yule "Mama, taratibu!". Alipanda. Tofali la kwanza halikumsumbua, lilitoka kama jino la mtoto. Alilishika kidogo kifuani, akaubusu upande wake wenye masizi, kisha akamnyooshea mwanawe.

"Pokea. Likwangue udongo, ulipange kivulini. Linarudi kazini. Na wewe, Timazi, safari hii viungo vipishane. Nikikuta viwili vimekutana, utavibomoa nikikutazama."

"Sawa, mama."

Mwanawe alisimama na lile tofali, shati la ofisini limechafuka masizi, akitafuta kivuli. Kabla hajaliweka chini, mama yake alikuwa ameshamwinamia na tofali la pili.