Siku ya Kumvuta Kamanda Kaloki

Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi, Nekesa alikuwa akichuja chai ya watu mia mbili katika jiko la kituo kimoja cha polisi kati ya Ruiru na Thika. Kituo chenyewe hakitatajwa hapa, kwa kuwa walio pale wanajua kusoma, angalau wawili wao. Siku hiyo Kamanda Philip Kaloki alikuwa anastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, na nyama ilikuwa imeshaagizwa kwa wachomaji wa Kamakis.

Nekesa hakuomba kazi ya chai. Miezi kumi na minne iliyopita mwanawe Ronny, kijana wa kiwanda cha mifuko, alipandishwa kwenye Landkruza ya Kamanda pale steji ya Kimbo akitoka kazini, na steji nzima ilimwona. Kituoni Nekesa aliambiwa hawamjui. Kila kinachotokea huandikwa katika kitabu cha OB, na OB haikuwa na jina la Ronny. Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Baada ya miezi mitano ya kumwona kwenye benchi kila asubuhi, wakaona afadhali wampe sufuria.

Hotuba zilikuwa tisa. Mchungaji alimlinganisha Kamanda na Musa, ingawa hakueleza ni akina nani waliozama. Cheti kilisomwa, kikasema hana doa. Zawadi zilikuwa tangi la maji la lita elfu mbili, blanketi, na picha ya Kamanda mwenyewe ndani ya fremu, kubwa kuliko yeye.

Kisha ikafika desturi yenyewe. Mkubwa wa polisi akistaafu hatoki getini kwa nguvu ya injini. Huketi kiti cha mbele cha gari lake la kazi, injini imezimwa, na askari wake humvuta kwa kamba hadi nje, ili ionekane kwamba walimpenda.

Ibra, mwenye mahema na spika za kukodisha kule Kimbo, alishika maikrofoni. "Watu wangu, makofi ya kilo! Tunamvuta boss mpaka retirement!"

Askari ishirini wakavuta. Gari halikusogea.

"Odongo, umetoa handbrake?" Kamanda alimuuliza dereva wake.

"Nimetoa, afande."

Wakaongezwa askari kumi, kisha kwaya, kisha watu wa bodaboda waliokuwa wamekuja kwa ajili ya nyama. Kamba ikalia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamebonyea kama ya lori la mchanga.

Koplo Odongo alizunguka nyuma ya Landkruza, akafunua turubai. Ndani walikuwa wameketi vijana sita kwenye benchi, watatu huku na watatu kule, mikono magotini.

"Sasa," alisema Odongo.

"Poa."

"Mnafanya nini hapa?"

"Si tuliambiwa tungoje kidogo," alijibu Ronny, aliyekuwa bado na aproni ya kiwanda.

Odongo aliona jibu hilo ni la haki. Ni yeye aliyewaambia.

Nekesa alikuja mbio na chujio mkononi. Alipomwona mwanawe furaha ilimpanda hata ikamuuma kifua.

"Sasa, mum," alisema Ronny.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi shuka."

Ronny aliinuka, akashusha mguu. Mguu ukaenda chini, ukaendelea kwenda, na ardhi ikawa bado. Akaurudisha ndani.

"Mpaka tuitwe majina," alieleza mwenzake. "Ndivyo walisema."

Odongo akaenda dirishani kwa Kamanda. "Afande, wale sita bado wako nyuma. Wanataka kuitwa majina."

Sajini Nadira aliletewa OB, akaifunua ukurasa kwa ukurasa, kwani ni mtu makini. "Hawamo," alisema. "Na mtu ambaye hakupandishwa hawezi kushushwa, afande."

Nekesa alilishika dirisha kwa mikono yote miwili. "Afande, wewe unawajua. Sema tu jina lake. Nitaenda na yeye nyumbani na sitakusumbua tena."

Kamanda aliyajua majina yote sita. Hotuba tatu zilikuwa zimeisifu kumbukumbu yake. Ibra alimpitishia maikrofoni. Kamanda akasafisha koo.

"Nawashukuru wote kwa ushirikiano," alisema. "Tuendelee na programu."

Alipigiwa makofi ya kilo.

Ronny alitoa kichwa chini ya turubai. "Mum, na wewe shika kamba. Labda nje ya geti tutashuka."

Nekesa alichukia hata kulifikiria. Amvute Kaloki, yeye, aende kupumzika kwenye nyumba yake ya Membley! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mvunguni kilikuwa mwanawe. Akakaza leso kiunoni, akashika kamba mbele ya askari wote. Gari likaondoka kama baiskeli.

"Mama wa chai ana nguvu!" Ibra alipaza sauti. "Hayo ndiyo mapenzi ya raia kwa polisi!" Walimpiga picha nyingi sana.

Nje ya geti Kamanda alifungua mlango, akashuka, na mguu wake ukapata ardhi mara moja. Akaingia kwenye gari la binti yake na picha yake ikafungwa juu. Kule nyuma ya Landkruza, Ronny naye alishusha mguu. Nekesa alikishika kiatu, akavuta kuliko alivyovuta kamba. Ardhi haikuwepo. Alilia pale barabarani bila kujificha, na Ibra, ambaye ni mtu wa haya, akaongeza muziki.

Gari ni mali ya serikali, kwa hiyo Odongo alilirudisha ndani. Sajini Nadira aliandika katika OB kwamba saa tisa na dakika kumi gari limerudi salama, halina abiria. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Jumatatu kamanda mpya, Madam Aketch, alizunguka nalo hadi Kamakis na kurudi, akasema ni zito na linakunywa mafuta. Odongo akalipeleka kwa fundi Thika. Nekesa alilifuata na chupa ya chai na vikombe sita. Fundi Maluki alilala chini ya gari, akatoka akipangusa mikono.

"Springi zimechoka," alisema. "Nikuwekee za kubeba watu wangapi?"

Odongo aliwahesabu waliomo, kisha akafikiria kazi iliyo mbele.

"Weka za kumi na wawili."

Nekesa alimimina kikombe cha kwanza, akampa Ronny kupitia turubai, akasema basi itabidi anunue chupa kubwa.