Idi Pili Kwenye Kivuli cha Bi Biasha

Asubuhi ya Idi Pili Mwanaamina alifunga sufuria ya pilau kwa kanga, akachukua birika, mkeka na mto wa mama yake, Bi Biasha, wakaondoka kwenda kutembea. Wenye nauli zao siku hiyo hupanda basi kituo cha Kwa Mathias wakaenda Dar kutazama bahari. Watu wa ukoo wa Bi Biasha walikwenda mahameni, mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, kukaa kwenye kivuli cha nyumba yao iliyobomolewa mwaka jana.

Nyumba ilibomolewa, kivuli kikabaki. Hilo halikuwa na siri wala uganga. Katika ile operesheni ya kuhamia vijijini, lori la kuwahamisha lilifika saa sita ya mchana, jua la utosi, dereva akipiga honi kama aliyeachwa na mkewe. Wakang'oa miti, wakashusha makuti, wakapakia milango na vyungu. Saa hizo kivuli kilikuwa kimejikunja chini ya paa, hakuna aliyekikumbuka. Lori lingefika jioni, kivuli kimejinyoosha uani, kingeonekana na kingebebwa pamoja na mitungi. Haraka haraka haina baraka, na siku ile ilikuwa ya haraka.

Kwa hiyo nyumba mpya, kule kijijini kando ya barabara kuu, haikuwa na kivuli. Miti ileile, makuti yaleyale, lakini jua lilipita ndani kama maji kwenye tenga. Nyumba zote za mstari ule zilikuwa hivyo. Kuku walitaga mayai yaliyokwisha kuiva nusu, na watu wakazoea kuyala hivyo hivyo.

Bi Biasha ndiye hakuzoea. Tangu siku ya lori hakupata lepe la usingizi. "Nyumba isiyo na kivuli ni nje," alisema, "na mimi sikuzaliwa niwe mtu wa kulala nje." Usiku kucha alikaa kitandani macho kodo, mchana vilevile. Zahanati walimpa vidonge. Alivimeza, akashukuru, akaendelea kukesha. Akakonda hata pete ikawa inamvuka kidoleni. Mwanaamina aliogopa, tena aliogopa kwelikweli. Aliona mama atamfia mikononi hivi hivi, macho yamemtoka.

Ndipo siku ya Sabasaba walipokwenda mahameni kutafuta kuni, Bi Biasha akaingia kivulini kupumzika, akalala mpaka alasiri akikoroma. Wakarudi tena Idi Ndogo, akalala tena. Siku za kazi haikuruhusiwa kutoka kijijini bila kibali, kwa hiyo Bi Biasha akawa mtu wa kulala sikukuu kwa sikukuu.

Walipofika, jamaa zao wa kijiji cha Kurui walikuwa wameshatangulia na kapu la mabibo. Kivuli kilikuwa pale pale, vyumba vyake vyote vimekamilika, na uwazi wa jua pale palipokuwa na mlango. Watoto walitaka kukatiza ukutani.

"We Tatu! Pita mlangoni, huna adabu?" Mwanaamina akafoka.

Bi Biasha akaingia chumbani kwake, chumba cha upande wa kulia, akajilaza. Kichwa hakijafika vizuri kwenye mto, kashalala. Mwanaamina akashusha pumzi. Alihisi kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Walikuwa na mtani wao pia, Ponsiano, Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, mkonge ukamshinda, Wazaramo hawakumshinda. Alikuja kwa ajili ya pilau na hakuficha.

"Wazaramo nyie," alisema akimenya korosho, "nyumba imekufa mwaka jana, mpaka leo mnakula matanga!"

Wakacheka. Hawajamaliza kucheka, akatokea Ndugu Laurean, Katibu wa kijiji, na mgambo wawili wamebeba kamba na turubai.

"Ndugu Mwanaamina, Idi njema," alisema Katibu, kijana msafi, mtu wa Bukoba. "Wageni wa wilaya wanakuja, hatuwezi kuwakalisha juani. Tumekuja kuchukua kivuli. Kivuli ni mali ya kijiji."

"Mama yangu amelala, Ndugu Katibu."

"Atalala kijijini kama wenzake."

"Kijijini halali."

"Hajajitahidi."

Mgambo wakaanza upande wa jikoni. Kivuli kiliinuka kirahisi, kama utando wa maziwa yaliyochemka, na walikuwa wakikikunja vizuri, bila kukichana. Jua likaingia jikoni, likaingia ukumbini, likafika miguuni mwa Bi Biasha. Mzee akajigeuza. Kope zikamcheza. Mwanaamina akashika mdomo. Akiamshwa sasa, atalala lini tena?

Ponsiano akatupa korosho chini, akaenda akajilaza kwenye kizingiti, chali, mikono kifuani.

"Hakitoki kitu hapa! Mtani kwanza apewe haki yake. Nataka ubavu wa mbuzi."

Mgambo wakakiachia kivuli, kikarudi chini taratibu na kumfunika mzee miguu.

"Mwondoeni," akasema Katibu.

"Ndugu Katibu, hapo tena hatuwezi," akajibu mmoja. "Huyu ni mtani. Hata akilala kaburini, maiti husubiri. Mtani haondolewi, hukombolewa."

"Basi mkomboeni."

"Wewe ndiye unayetaka mali itoke, mkomboe wewe."

"Hiyo ni rushwa! Chama hakitoi rushwa."

"Basi mimi nalala," akasema Ponsiano, akafumba macho.

Mwanaamina alikuwa na mbavu tele sufuriani. Alikalia kifuniko, akatazama upande wa Kurui kama vile kuna mtu anayemngoja atokee huko.

Mgambo walipiga hodi wakaingia kula mabibo. Katibu alibaki peke yake nje, juani, na jua la Desemba halimjui katibu wala karani. Alivua kofia. Alijipepea. Shati likamganda mgongoni. Mwishowe akasogea mlangoni, akasema kwa sauti ndogo:

"Hodi."

"Karibu, baba," akaitika Bi Biasha humohumo usingizini.

Mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba hazuiwi. Ponsiano alikunja miguu akampisha. Katibu akavua viatu, akaketi, akala pilau, akanywa chai. Mtu aliyekula chakula cha nyumba haibomoi siku hiyohiyo, na hilo Bukoba pia wanalijua. Kisha akajiegemeza ukutani, kivuli kikambeba vizuri, akasinzia. Maskini, nyumba yake nayo ilikuwa ya mstari uleule.

Aliamka jua limeshalegea, mashavu yamemkunjuka kama mtoto.

"Nitasema kivuli hiki hakibebeki," alisema akifunga kamba za viatu. "Kitabaki."

Mwanaamina akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alhamdulillahi! Kisha, kwa kuwa mtu aliyefurahi hupata ujasiri, akauliza: "Sasa Ndugu Katibu, kama chenyewe hakibebeki, si turudi sisi kilipo?"

Katibu alimtazama kwa huruma hasa. "Hilo haliwezekani, ndugu yangu. Amri ya kukaa vijijini ni palepale. Sikukuu mtakuja."

Bi Biasha aliamka mwenyewe, akanywa chai vikombe viwili, akauliza ni nani huyu kijana mwenye adabu. Wakakunja mkeka. Njiani alitembea mbele ya wote, akimtania Ponsiano kwamba Wanyamwezi hulala popote, hata mlangoni mwa watu. Walifika kijijini magharibi inaingia.

Baada ya swala ya Isha Mwanaamina alimtandikia mama yake. Mzee akaketi kitandani, mgongo wima, tasbihi mkononi, uso umejaa nuru na macho yako wazi.

"Mama, jaribu kidogo."

"Lala wewe, mwanangu," akasema Bi Biasha. "Mimi nimeshalala."