Pilipili za Ghorofa ya Kumi na Moja

Mimi ni mtaalamu wa mimea. Nalisema mapema ili ucheke vizuri baadaye. Huu ni mwaka wangu wa tatu Durban, naandika tasnifu ya uzamivu, na sura ya nne inahusu uchavushaji. Nyumbani kwangu Albert Park, ghorofa ya kumi na moja, nilikuwa na vyungu sita vya dukani, udongo wa mfuko, mbolea ya kupimwa kwa kijiko na kifaa cha kupimia unyevu. Miche yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa pilipili. Ilitoa majani, ikatoa maua, maua yakaanguka.

Jirani yangu Agathe, msusi kutoka Bukavu, alikuwa na ndoo tatu za mayonesi alizozitoboa kwa msumari. Mbolea yake ni maji aliyooshea mchele. Pilipili zake zilizaa mpaka matawi yakainama. Kifaa cha unyevu hakuwa nacho, maskini. Alikuwa na kidole.

Ndoo zake na vyungu vyangu vilikaa kwenye roshani moja, ile ndefu iliyozibwa vioo mbele ya milango yetu. Na niseme wazi: nilimpenda. Siku niliyohamia, ni yeye peke yake aliyenigongea, na ghorofa nzima ni yeye tu niliyezungumza naye Kiswahili. Jumapili baada ya kanisa alinisuka, tukala sombe, kisamvu cha kwao, nikasahau jinsi kwetu Murang'a, Kenya, ilivyo mbali.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja akaja na pilipili nyekundu, kiganja kizima. Nikanyoosha mikono miwili, kama mama alivyonifunza. Agathe akaitazama mikono yangu, akainama, akaziweka sakafuni mbele ya ndala zangu.

"Okota, voisine," akasema, akitabasamu; voisine ni jirani kwa Kifaransa chake.

Okota! Mtu mzima, ninayefundisha chuoni, nidonoe sakafuni kama kuku. Nikaokota, maana githeri yangu ya mahindi na maharagwe ilikuwa jikoni, lakini nikaliweka moyoni. Kumbe ndivyo anavyoniona. Ndoo tatu zimezaa, sasa mimi ni ombaomba wake. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashia nini. Mimi niliila, na iliniwasha.

Nilimkomesha kisomi: nikanuna. Akinisalimu asubuhi, namjibu kwa kidevu. Akiniita kusukwa, nina mkutano. Miezi miwili nilikula peke yangu nikiisikiliza redio yake kupitia ukutani. Upweke ulinitafuna, nami nikazidi kumkasirikia yeye kwa hilo pia.

Ndipo vyungu vyangu vikazaa. Vyote sita. Nikaipongeza mbolea, kisha nikajipongeza mimi kwa kirefu. Pilipili ya kwanza ilipoiva, nikaichuma na kwenda kumfunza mtu adabu. Nikagonga kwa Agathe.

"Shika," nikasema, nikimnyooshea. "Kwetu mtu hupewa kitu mkononi."

Agathe akaficha mikono nyuma ya mgongo. "Hapana, Ngina. Weka chini."

"Kwani yangu haifai hata kushikwa?"

"Eish, dada! Pilipili hatupeane mu mukono. Ukimupatia mutu pilipili mu mukono, mutagombana. Na mimi hapa Durban niko na wewe tu. Sitaki tugombane."

Nilikuwa nimemnunia miezi miwili.

"Si ungeniambia?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Nilizani unajua. Kwenu pilipili haiko?"

Iko. Agathe akaikodolea macho ile pilipili mkononi mwangu, akafurahi kama ni yake.

"Franchement, kweli imezaa muzuri! Zamani maua yako ilikuwa inaanguka tu. Huku juu nyuki haifike, na vioo inazuia upepo. Kila asubuhi nikienda salon nilikuwa naipiga kidole kama yangu, ua moja moja, unga yake imwangike. Hata siku zile ulikuwa unanijibu na kidevu."

Sura ya nne, uchavushaji, kurasa arobaini na mbili. Nilitamani lifti inimeze.

Nikapiga magoti, nikaiweka pilipili sakafuni mbele ya miguu yake.

"Okota, jirani," nikasema, machozi yakinitoka.

Akaokota, akanishika mkono akanivuta ndani. Nywele zangu, alisema, zilikuwa aibu ya jengo zima.