Shokabzoba za Mwanatabu

Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, Mwanatabu alikuwa ameinamia karai la mafuta barazani kwake, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, akiopoa mahamri ya mwisho, goti lake la kushoto likalia ta. Akaweka kijiko cha matundu pembeni, akashika ukuta. Likafuata goti la kulia, kisha nyonga zote mbili kwa pamoja.

"Babako ameshatoka Kongowea," akasema. "Na leo amepakia viazi."

Jalila, bintiye wa miaka kumi na tisa, akamsogezea kigoda na kukipokea kile kijiko. Dakika ishirini baadaye maumivu yakatulia, kwa sababu Mansur, mumewe, alikuwa ameingia Nyali na gari lake, na barabara za kule mahotelini ni laini. Mwanatabu akainuka, akapika mbaazi, akafagia uani. Alikuwa na kama saa moja hivi ya kutembea kabla mumewe hajageuza njia kurudi.

Mambo yalikuwa hivyo kwa miaka kumi na moja. Mansur alikuwa na Probox nyeupe iliyokwisha kuwa kuukuu, na kazi yake ilikuwa kuchukua viazi, vitunguu na nyanya soko la Kongowea na kuzipeleka jikoni kwa mahoteli, na nyingine kuwaletea wachuuzi wa mtaani kwake. Gari lilipopita kwenye shimo, Mansur hakusikia kitu. Shimo lilipokelewa na Mwanatabu. Majirani walijua tu kwamba hajambo kwa kubashiri mumewe aliko, na walilitumia jambo hilo kwa faida yao. Mwenye kutaka vitunguu alipiga hodi na kuuliza, "Mama Jalila, mzee yuko wapi saa hizi?" Mwanatabu akajishika kiuno, akasikiliza kidogo, akajibu, "Yuko pale msikitini kwenye matuta, ngoja robo saa." Hakukosea hata siku moja.

Mashimo ya njia ile aliyajua moja moja, ingawa mengine hakuwahi kuyaona kwa macho. La mbele ya duka la simiti lilimpata kwenye kifundo cha mguu. Yale matatu ya mfululizo karibu na shule yalimpata mgongoni. Kubwa kuliko yote lilikuwa handaki lililochimbwa miaka mitatu nyuma ili kupitisha bomba la maji. Bomba halikuletwa, handaki halikufukiwa, na kando yake kukasimamishwa kibao cha kusema kazi imekamilika. Watoto walikitumia kibao kile kama goli.

Mansur alikuwa akisifiwa, na sifa zikamwingia kichwani. Hapa kwetu mtu akisifiwa gari hata usingizi hapati. Wachuuzi wakimwambia, "Wallahi Mansur, gari lako halitikisiki, nyanya zafika kama zilivyochumwa," naye hujibu kwamba gari ni kulitunza. Kulitunza gani! Hakuwahi kununua hata bushi moja tangu mwaka ule Hashim alipooa.

Mwaka ule, fundi alimwambia kwamba chini ya gari kumekwisha. Shokabzoba zote nne zilikuwa zavuja mafuta, mipira ya bushi imepasuka, boljointi zacheza kama meno ya mzee. Pesa za spea Mansur alikuwa nazo mfukoni. Lakini wiki hiyo hiyo Hashim, mdogo wake, alikuwa anaoa, na ndugu wakamwambia yeye ndiye mkubwa, atoe. Mwanatabu akasema, "Harusi kwanza. Gari litavumilia." Mansur akatoa. Asubuhi ya baada ya harusi akawasha gari, likaenda kama jipya. Akasema Mungu amemrehemu, wala hakuinama kutazama chini. Siku hiyo hiyo Mwanatabu alishindwa kupiga goti kuwasha jiko. Akadhani ni uzee. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Alipogundua ukweli hakumwambia mumewe. Alimwambia Jalila peke yake, na akamkanya. "Usimwambie babako. Ana mengi."

Ilibidi ijulikane siku mafuta yalipomwagika. Mansur alikuwa amechelewa kutoka Kongowea, akapita handaki mbio, na Mwanatabu alikuwa karaini. Mkono wa kulia ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Pale zahanati, Mansur akiwa kando, daktari akamfunga mkono, kisha, kwa vile alimwona anavyotembea, akampiga picha ya nyonga. Akaitazama picha kwenye mwanga, akasema kwa upole kwamba ndani mna mpira, na mpira umekauka na kupasuka. Akaandika dawa ya maumivu na kumwambia asibebe vizito.

Mansur akatoka pale moja kwa moja hadi Kisauni kwa Mramba, fundi wake wa siku hizi, mtu wa Kaloleni asiye na maneno mengi. Mramba alipandisha gari kwa jeki, akatikisa gurudumu moja moja, akalala chini kwa muda. Mramba ana desturi yake, kama mafundi wote waaminifu: akibadilisha kitu, kile kibovu humtia mwenyewe mkononi, ili ajue hakuibiwa. Akatoka chini ya gari mikono mitupu.

"Sina cha kukupa," akasema. "Zote mpya. Mpira hata rangi ya kiwandani haijatoka."

"Za miaka zaidi ya ishirini?"

"Za miaka zaidi ya ishirini. Mama Jalila hajambo?"

Mansur akakaa juu ya tairi kuukuu. "Hawezi magoti," akasema. "Na nyonga."

Mramba akafuta mikono kwa kitambaa. "Basi ndiko zinakochakaa. Hizi nikizitoa nikatia nyingine za dukani, gari litajibeba lenyewe. Na hizo za dukani zitakufa kama zinavyokufa za watu wote, kila miaka miwili uje hapa ulie. Lakini mkeo atapumzika."

"Pesa ngapi?"

Mramba akahesabu kwa vidole vyeusi. Shokabzoba nne, springi mbili za nyuma, bushi zote, boljointi mbili, na ufundi. "Elfu arubaini na sita. Tena nimekuhurumia."

Mansur akaenda nyumbani polepole, akikwepa kila shimo, hata madereva wa tuktuk wakampigia honi na kumtukana. Alipofika alimkuta mkewe kitandani, mkono umefungwa bandeji. Akakaa chini sakafuni, akamshika miguu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungefanya nini?" Mwanatabu akasema. "Ungeacha kazi? Tungekula nini?"

Mansur akalia. Mwanatabu akamwambia anyamaze, Jalila asije akasikia.

Wakatafuta kopo la maziwa ya unga, wakalitoboa kifuniko, likawa la shokabzoba. Mansur alikusudia kweli, tusimsingizie. Aliacha miraa, aliacha kahawa ya jioni. Baada ya miezi minne kopo lilikuwa na elfu thelathini. Hapo chuo cha Jalila kikaandika barua kwamba asiyemaliza karo hataingia mtihani. Watatu wale wakakaa kitako kuzungumza. Jalila akasema ataahirisha mwaka. Mwanatabu akalifungua kopo mwenyewe, akamhesabia.

"Miguu yangu haitoroki," akasema.

Wakaanza tena. Mara ya pili kopo lilifika elfu ishirini na mbili, ikaja bima ya gari, na kilichobaki Mansur akashonea viti vitambaa vipya, kwa sababu Janice, mpokeaji wa mizigo kwenye hoteli moja, alisema gari la kuleta chakula liwe na sura ya kuleta chakula. Vitambaa vile vilikuwa vyekundu vyenye mistari ya dhahabu. Mwanatabu alivisifu. Wakati huo alikuwa akitembea kwa mkongojo, na mahamri alikuwa akiyakaanga Jalila kabla ya kwenda chuoni.

Mara ya tatu kopo likajaa vizuri. Ilipofika mwezi wa Rajabu lilikuwa na elfu arubaini na tatu. Zilibaki elfu tatu tu, na Mramba akasema hizo tatu atamsubiri. Mansur akakataa. Alitaka akamtilie mkononi zote kwa pamoja, siku moja, amalize. Ni ujinga wa wanaume wa huku. Mtu atakubali kukopa mchele dukani mwezi mzima, lakini jambo la mkewe ataka alifanye kwa heshima.

Alhamisi akapata mzigo wa harusi. Magunia kumi na mawili ya viazi na vitunguu, kutoka Kongowea hadi Ziwa la Ng'ombe, ujira elfu tatu kamili. Kwa kawaida gari lilibeba magunia saba. Mwenye mzigo akamwuliza, "Lakini litaweza?" Mansur akatazama saa. Akikata safari mbili atachelewa, na duka la spea hufunga saa sita kwa adhuhuri. Akapakia yote kumi na mawili. Gari halikushuka hata inchi moja. Lilisimama vile vile, limenyooka, kama lisilo na kitu.

Kule nyumbani Mwanatabu alikuwa akianika kanga. Akaacha mkongojo ukaanguka.

"Jalila," akaita.

"Abee, mama."

"Niwekee mkeka. Babako amepakia sana leo."

Jalila akapiga simu. Mansur alikuwa ameiweka simu kwenye droo ya gari, akaisikia ikilia, akasema moyoni kwamba ni mwenye mzigo anamharakisha. Akapita duka la simiti. Akapita shuleni. Kwenye handaki akakutana na lori la mchanga, akapungukiwa na nafasi, magurudumu mawili ya kushoto yakaingia ndani na kutoka. Kikombe chake cha chai kilikuwa mbele ya kioo, kimejaa. Hakikumwagika hata tone.

Akafikisha mzigo, akapokea elfu tatu, akazikunja na kuzitia mfuko wa shati. Kisha akaenda nyumbani kuchukua zile za kopo. Akakuta viatu vingi mlangoni.

Mwanatabu alizikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Aliyemwosha alikuwa Bi Sabah, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye ameosha nusu ya mtaa ule. Alipomaliza alitoka uani, akamwita Mansur pembeni, akamtia mkononi furushi dogo la kitambaa cheupe. Lilikuwa zito.

"Pokea, mwanangu. Haya hayendi na yeye. Ni ya gari lako."

Mansur akafungua. Bushi sita, mipira imepasuka mpaka ndani. Boljointi mbili zimelika. Shokabzoba nne hazikuwa nzima, zilikuwa zimesagika vipande vipande, na mafuta yake meusi yameshaingia kwenye kitambaa. Akavihesabu vyote, kama mtu anavyovihesabu vibovu alivyorudishiwa na fundi. Kisha akakaa chini pale pale penye maji ya kuoshea na kulia kwa sauti, na wanaume wakaja kumwinua wakimwambia, "Subira, Mansur, subira," kwa sababu ndilo neno lililokuwapo.

Kopo likafunguliwa jioni hiyo. Kulikuwa na sanda ya kulipa, na wachimba kaburi, na wageni wa siku tatu, kisha hitma, na hitma ya mtu mwema haifanywi kwa chai tupu. Hashim alisimamia upishi. Pilau ilitosha watu wote, wakabeba na ya nyumbani. Zikabaki shilingi mia sita.

Arubaini ilipopita, Mansur akalipeleka gari kwa Mramba. Alitaka kujua tu. Sasa Mwanatabu hayupo, akawaza, gari litakuwa limekufa chini, na liwe limekufa, angalau hilo. Mramba akapandisha kwa jeki, akatikisa magurudumu, akalala chini. Alikaa huko kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza. Akatoka mikono mitupu.

"Mpya," akasema.

"Haiwezekani. Mwenyewe nimemzika."

Mramba hakumtazama. Akateremsha jeki taratibu, mpaka matairi yakagusa ardhi.

"Nyumbani umemwacha nani?" akauliza.

Mansur akasimama ameshika mlango wa gari. Watu wakapita, tuktuk zikapita. Mwishowe akasema kwamba Ramadhani iko mlangoni, biashara ya mahoteli italala, lakini ikiisha tu Idi ataanza kuweka. Elfu arubaini na sita si nyingi, akasema. Mramba akamwambia bei imepanda, ni hamsini na moja sasa. Mansur akaitikia kwa kichwa, akapanda, akawasha. Kutoka Kisauni hadi kwake aliendesha polepole mno, lakini mashimo ya njia ile hayakwepeki yote.

Barazani, Jalila alikuwa ameinamia karai, akikaanga mahamri ya futari ya Bi Sabah, ambaye alikuwa akilipa funga zake za kadha kabla mwezi haujaandama. Goti la kushoto la Jalila likalia ta. Akaweka kijiko cha matundu pembeni, akashika ukuta, mahali palipokwisha ingia weusi wa mkono wa mamake.

Bi Sabah akamtazama. "Ewe Jalila. Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu ya matanga."

"Babako ajua?"

"Usimwambie, Bi Sabah," Jalila akasema. "Ana mengi."

Akasikiliza kidogo, mkono kiunoni. Kisha akakivuta kigoda mwenyewe, akakaa, akayageuza mahamri yasiungue.

"Ameshatoka kwa Mramba," akasema. "Nimbandikie chai."