Bwana Dhamiri na Vidonge Vyangu

Mume wangu ni mfamasia, na mtaani wanamwita Bwana Dhamiri. Jina hilo hakulipata bure. Dawa ikipitwa na muda huiteketeza hata kama inamtia hasara, na mchuuzi aliyewahi kuja kumhonga alitimuliwa kama mwizi wa kuku. Sifa hizo nampa bila choyo. Ila mwanamke akileta cheti cha vidonge vya kupanga uzazi, bwana huyu hukisoma mpaka mwisho, hukikunja vizuri, kisha hukirudisha kwa mikono miwili.

"Samahani dada yangu, dhamiri yangu hainiruhusu."

Husema kwa adabu hata wengine hushukuru, na wakifika barabarani ndipo wanagundua wametoka mikono mitupu. Vidonge vimejaa kabatini, na duka jingine la dawa liko mji wa pili. Wazee wakija kutafuta dawa za nguvu za kiume, hapo dhamiri hulala usingizi wa pono.

Mimi nilipojifungua wa nne, damu nusura iniishe. Mume wangu alilia kwenye korido mpaka mkunga akamfukuza. Daktari hakupindisha maneno: mimba nyingine itaniua. Akaniandikia vidonge. Nyumbani nilipomwonyesha mwenzangu cheti, akakuna kichwa.

"Mama watoto, tutajizuia tu."

"Tutajizuia? Huyu ninayemnyonyesha si ndiye tunda la kujizuia kwetu?"

Kesho yake nikambeba mtoto, nikaenda kupanga foleni dirishani kama mgonjwa yeyote. Nyuma yangu alisimama fundi cherehani, mama wa watoto sita, mmoja wa wale waliowahi kushukuru bure. Safari hii alifuata dawa ya kikohozi. Zamu yangu ilipofika, mume wangu akainua macho, akanywea.

"Mke wangu, si ungepita mlango wa nyuma?"

"Mlango wa nyuma una nini?"

Akainama kuninong'oneza, lakini kunong'ona hajui. Sauti yake imezoea kuelekeza vikongwe wasiosikia.

"Ningekuletea jioni. Nimeshavitia kwenye mkoba."

Fundi akaangua kicheko.

"Kumbe dhamiri nayo ina ndugu!"

Kicheko kikaenda mpaka nje. Jasho likimtoka, mume wangu akafungua mkoba na kuweka pakiti mbele yangu. "Kimoja kila siku, usiruke hata siku moja," akasema.

Niliitaka pakiti ile kuliko kitu chochote. Naogopa kufa, sioni haya kusema, na wanangu bado wadogo. Lakini nikaisukuma, ikarudi kwake.

"Na huyu aliye nyuma yangu?"

"Wewe ni mke wangu! Siku ile nilidhani nimekupoteza."

"Naye ni mke wa mtu. Muulize mumewe naye amelia korido gani."

"Wangu amelia mara mbili," alisema fundi, na sasa hakuna aliyecheka.

Mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena. Kisha akanyoosha mkono kupitia pembeni yangu.

"Lete cheti, dada yangu."

"Cheti gani? Nilikichana kwa hasira siku ile ile uliponirudishia."

"Ulikichana?" Akashika kichwa. "Sasa bila cheti nakupaje? Sheria hainiruhusu!"

Fundi akanitazama, nami nikamtazama. Ukimkwepa Bwana Dhamiri unakutana na Bwana Sheria. Nilitaka kumrushia kitu, ila mikononi nilikuwa na mtoto tu.

Lakini mume wangu alikuwa tayari anavua koti. Akawaomba radhi wote waliokuwa kwenye foleni, akafunga dirisha, akatoka kwa mlango wa mbele huku kila mtu akimwangalia.

"Twende kwa daktari, dada. Nitamwambia mwenyewe kosa ni langu."

Wakaondoka, fundi akimhimiza aongeze mwendo. Pakiti yangu alikuwa ameniwekea mkononi alipopita. Ndipo nikaifungua.