Mume Wangu Alikuwa wa Tano

Mume wangu Madeje alikufa mwezi wa kupalilia, na mavuno yalipokwisha alikuwa bado anahudhuria baraza. Sisemi mzimu wake. Nasema fimbo yake, iliyolazwa juu ya kigoda chake na akida Hassani, ambaye kila Alhamisi aliandika kwamba Madeje yupo, mzima, na amekubali.

Baraza letu lilikuwa la wazee saba, mmoja kwa kila ukoo, na lilikaa langoni mwa zizi la Mzee Matonya. Wajerumani walipofika hawakulivunja. Waliliwekea sheria tu: wazee wakiwa chini ya watano, neno lao si neno. Koo mbili zilihama wakati wa njaa na viti vyao vikabaki wazi, maana ukoo usiokuwepo hauna mtu wa kumtoa. Wakabaki watano, na Madeje alikuwa mmoja wao.

Kwetu Ugogo mzee akiugua hutuma fimbo yake barazani. Ikilazwa kigodani, mwenyewe huhesabiwa yupo. Hiyo ni desturi ya mgonjwa. Mtu akifa, fimbo hurudi nyumbani, mjane akaichomeka paani mpaka matanga yaishe, nayo kwetu huisha baada ya mavuno. Kisha ukoo humchagua mrithi, na mjane ndiye anayemkabidhi fimbo kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna mwingine awezaye kuitoa.

Siku ya tatu baada ya mazishi Hassani alikuja kwangu na kanzu yake nyeupe. Alikuwa mtu wa pwani, ameletwa na boma kututawala, na Kigogo alikijua vizuri. Akaketi, akapangusa macho makavu. "Mama Anyesi, boma limesikia msiba wako. Limeomba fimbo ya marehemu ikapewe heshima yake."

Nikampa. Nilikuwa nimevimba macho kwa kulia, nikampa kwa mikono miwili na kumshukuru juu yake. Nijitukane hapa kabla hujanitukana wewe: nilikuwa mjinga.

Matanga yalipokwisha nilimfuata nyumbani kwake nikaitake fimbo ili ukoo uchague mrithi. Alikuwa anakula wali. Hakuniambia hata karibu.

"Mumeo yuko kazini, mama," akasema, akacheka peke yake. "Alhamisi ijayo bwana shauri anakuja kutoka boma. Akishamaliza shughuli yake, nitakurudishia."

"Shughuli gani?"

"Ya kisima."

Nikasimama pale kama niliyepigwa kofi. Kisima chetu cha Itumbi kilikuwa kwenye mchanga wa korongo, na kiangazi chote hakuna maji mengine mpaka utembee nusu siku. Hassani akanieleza huku anatafuna, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Mzungu mmoja wa ng'ombe ameliomba bonde lote pamoja na kisima. Boma halina neno, lakini kitabu chake kinataka baraza la wazee wasiopungua watano likubali. Wanne wamekwisha kubali. Wa tano ni Madeje.

"Madeje hakubali kitu! Madeje yuko chini ya udongo!"

"Basi hatabisha," akasema.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikaenda kwa Matonya, mzee aliyekuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana, nikamkuta anasuka kamba. Nilimwamkia mbukwa kwa heshima yake, kisha heshima ikanishinda. Nikamuuliza amelishwa nini mpaka akubali kutuua kwa kiu. Akanieleza bila kuacha kusuka. Mwanawe alikuwa kwenye mnyororo boma, anavunja mawe, na Hassani alikuwa amemwahidi kumfungua. Wale wazee wengine watatu walikuwa wameonyeshwa kiboko tu, ikatosha.

"Nimebanwa, mwanangu," akasema Matonya. "Nawe nyamaza, usije ukabanwa."

Nilimkasirikia kupita nilivyomkasirikia Hassani. Hassani alikuwa mgeni, hakunywa maji yale utotoni.

Alhamisi bwana shauri, mzungu wa boma, akaja na askari wanne na kiti chake cha kukunja. Wazee walikuwa hawajui Kiswahili, na Hassani ndiye aliyekuwa akiwafasiria, akisema alilotaka. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba mimi nilikijua. Miaka ya reli niliuza uji na karanga kambini kwa wale wajenzi, na huko mtu asiyejua Kiswahili alikuwa akidhulumiwa kila siku. Nilijifunza haraka.

Bwana shauri akahesabu kwa kidole. Wanne, na fimbo.

"Huyu?"

"Mgonjwa, bwana mkubwa. Ni desturi yao. Fimbo yake imekubali."

Mzungu akaandika. Ndipo nilipopita katikati ya wanaume, nikainyakua fimbo ya mume wangu kutoka kigodani. Askari akanikamata mkono akauzungusha mgongoni. Nikapiga kelele kwa Kiswahili: "Si mgonjwa! Amekufa! Nimemlilia miezi minne!"

Ungemwona Hassani. Kinywa kilibaki wazi.

"Mwache aseme," akasema bwana shauri.

Nikasema. Hassani akaanza kudai kwamba mimi ni mwendawazimu. Mzungu akamnyamazisha, akaniambia nimuulize mzee mmoja kwa lugha yetu, na yeye akida asifungue mdomo. Nikamgeukia Matonya.

"Anauliza kama Madeje ni mzima."

Matonya alitazama mchanga. Nilijua anamwona mwanawe na ule mnyororo, nikamwonea huruma na hasira kwa pamoja, sijui ipi ilizidi. Kisha akainua uso.

"Kaburi lake nililichimba mimi," akasema.

Nikafasiri. Bwana shauri akafunga kitabu chake kwa kishindo. Usidhani alituonea uchungu. Hakuuliza kisima ni cha nani, wala tutakunywa wapi. Kilichomuudhi ni kwamba kitabu chake kimeandikwa uongo.

"Wanne si baraza," akamwambia Hassani. "Nitarudi baada ya siku kumi na tano. Kiti kijazwe, kijazwe kwa desturi yao, na huyo mwanamke amkabidhi mrithi fimbo mbele ya macho yangu au mbele ya wazee. Nikikuta tena mti badala ya mtu, utapigwa wewe."

Hivyo nikarudi nyumbani na fimbo yangu, na watu wakanishangilia njiani. Mimi sikushangilia. Nilijua atakayefuata ni nani.

Alikuwa Kefa, mdogo wa mume wangu. Ukoo haukuwa na mwanamume mwingine wa umri ule. Siku tano za kwanza alikuja kwangu akiapa kwamba Itumbi haitatoka mkononi mwetu akiwa barazani. Nilimwamini, au nilitaka kumwamini. Nilianza hata kuipaka fimbo mafuta ili ing'ae siku ya kumkabidhi. Siku ya kumi alikuja na shuka jipya jekundu, bado lina mikunjo ya dukani.

"Shemeji, umepata wapi shuka?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Mbona unanihoji kama askari?" akafoka, akaondoka.

Siku ya kumi na nne ukoo ukakusanyika uani kwangu. Wazee wanne walikuja kushuhudia. Hassani naye alikuja na askari wawili, akasimama mlangoni mikono nyuma. Kefa akapiga goti mbele yangu inavyotakiwa, ndani ya lile shuka.

Nilikuwa na fimbo mkononi. Nikamuuliza mbele ya wote: "Kefa, kesho mzungu akisema toeni kisima, utasema nini?"

"Shemeji, hilo haliulizwi hapa."

"Nauliza mimi, ninayetoa."

Akamtupia jicho Hassani. Wote waliliona lile jicho. "Nitasema watakavyosema wenzangu," akanong'ona. Kisha akaongeza, na hilo ndilo lililonimaliza: "Na mimi nina ng'ombe wangu. Akida ameahidi wangu watanyweshwa."

Wangu! Watoto wa kijiji kizima walambe mchanga, ng'ombe wake kumi na wawili wanyweshwe!

Nikageuka nikaingia jikoni. Chungu cha maji kilikuwa mekoni, kimechemka. Nikachukua shoka, nikaikata fimbo ya Madeje vipande vitatu juu ya kizingiti, kila mtu akiona, nikavisukuma motoni chini ya chungu. Mafuta niliyoipaka yakaifanya iwake mara moja. Nilimwaga unga nikasonga ugali, mgumu, wa mtu mzima. Hakuna aliyethubutu kusogea. Hata askari walibaki wamenitolea macho. Nikaupakua, nikamwekea Kefa mbele ya magoti.

"Kula, shemeji. Umepikwa kwa kiti chako."

Hassani alinipiga kwa ubapa wa mkono, nikaanguka. Nilicheka nikiwa chini, naye akazidi kunipiga. Lakini fimbo ilikuwa majivu, ya pili haichongwi, na mrithi wa fimbo isiyokuwepo hayupo. Kesho yake bwana shauri akakuta wanne. Akaandika kwamba baraza la Itumbi halikutimia. Yule mzungu wa ng'ombe hakutaka kungoja, akachukua ardhi kwingine, kwa watu ambao sikuwajua na ambao nawaombea radhi mpaka leo.

Mimi nilifungwa miezi mitatu boma kwa kudharau amri. Nilivunja mawe na mtoto wa Matonya, maana hakufunguliwa. Shingo ina alama ya mnyororo, ukitaka nitakuonyesha.

Nilirudi katikati ya kiangazi, jua la utosi, koo limekauka, nikapitiliza moja kwa moja mpaka korongoni kabla hata ya kufika nyumbani. Watu walikuwa wamepanga foleni, akina mama na vibuyu vyao, wachungaji na mifugo yao. Mbele ya wote, kwenye maji yenyewe, walikuwa ng'ombe wa Kefa. Wote kumi na wawili. Naye amesimama kati yao amejifunga lile shuka jekundu, anamfokea mwanamke mjamzito arudi nyuma, zamu yake haijafika.

Aliponiona akatabasamu. "Mbukwa, shemeji! Karibu nyumbani!"

Nilimpita, nikawapiga ng'ombe wake makonzi ya pua mmoja mmoja mpaka wakatoka majini, nikamshika yule mjamzito mkono, nikamwambia achote.