Spika Namba Ishirini

Nyumba ilikuwa na mitandao mitatu isiyojuana: wa karakana ya mjomba mshonaji, chini, wa wapangaji, katikati, na wa mama, juu. Yote ilifungwa na kitinda mimba, aliyefariki miezi saba iliyopita. Sasa dada yake, fundi wa mitandao, alikuja kuiunganisha kwa ruta moja ili wote watumie laini moja ya intaneti.

Alipofungua mipangilio akaguna. Marehemu alikuwa na mazoea yake: mitandao yote aliipa anwani zilezile, na kila spika aliyofunga, popote, aliipa namba ishirini. Mitandao ikiwa imetengana, hakuna ubaya. Ikikutana kwenye ruta moja, ruta haijui ipi ni ya nani. Akauacha wa chini ulivyo, akabadilisha anwani za katikati na za juu. Akapima, kila kitu kikaitika. Hakumuuliza mtu chochote.

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa karakanani akibana nyaya, mjomba akimtania kwamba waya wake umenyooka kuliko mishono ya mafundi wake wote. Spika ya ukutani ikakwaruza.

"Mama, saa nne. Meza dawa. Usinidanganye, nakujua wewe."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mjomba alivua futi ya kitambaa shingoni, polepole.

"Mpwa wangu," alisema, "huyo si mdogo wako?"

Fundi alipanda ngazi mbilimbili. Alimkuta mama ameketi chini ya spika yake, kidonge kiganjani, bilauri ya maji mkononi, anangoja. Chumba cha pili, kompyuta ya marehemu ilikuwa bado inanguruma. Haikuwahi kuzimwa. Kila siku saa nne ilituma sauti aliyoirekodi marehemu kwenda kwenye spika namba ishirini ya anwani za zamani, na anwani hizo sasa zilikuwa za karakana peke yake.

Akamweleza mama hayo yote. Akaongeza kwamba ile ni rekodi tu, na kwamba hata simu inaweza kumkumbusha.

"Nilimzika, mwanangu. Huna la kunifundisha hapo," mama alisema. "Lakini nisipoitwa, simezi. Na huu moyo, daktari hakunificha."

Fundi aliketi mbele ya kompyuta ya mdogo wake, akasahihisha mstari mmoja wa anwani.

Siku ya tatu kazi ilikuwa imekwisha, lakini saa nne ilimkuta karakanani, chini ya spika. Mjomba alimuuliza anatafuta nini. Alijibu kwamba anahakikisha imenyamaza.

Ilinyamaza. Mjomba aliondoa mguu kwenye pedali, na mafundi wake wakafanya hivyo hivyo, bila kuambiwa. Simu ya fundi ikaita.

"Ameniita," mama alisema. "Nimemeza."

Karakanani hakuna aliyerudi kushona mpaka saa nne na dakika tano.